Ngozi Langoni kwa Mama Limi

Siku ya kwanza kuripoti kazini nilivaa viatu vya visigino. Chekeni tu. Mimi ni mtoto wa mjini, wa Nyasubi pale Kahama. Baba yangu alikuwa muuza vitambaa mwenye asili ya pwani, mama yangu Msumbwa, na ng'ombe niliyemfahamu vizuri ni yule aliyening'inia buchani. Nilikuwa nimetoka chuo cha mifugo, cheti changu ndani ya bahasha ya kaki. Mkuu wa Idara ya Mifugo wa wilaya aliniangalia miguu kwanza, halafu uso, akaniuliza kama nimewahi kunusa ngozi mbichi iliyolala juani. Nikasema hapana, mzee. Akasema basi nisijihesabu kuwa nimeanza kazi.

Alikuwa mtu mfupi, mkali, kaunda suti yake imepauka mabegani kwa jua. Nilimwogopa kuliko nilivyomwogopa baba yangu, na ndiye aliyenifundisha kazi. Wiki ileile alinipeleka kwenye zizi lililopigwa na ndigana, ugonjwa unaoletwa na kupe, ambao ukiingia kwa ndama hauachi kitu. Mwenye zizi alikuwa analia huku akitaja idadi ya waliokufa, na kila akitaja idadi inapanda. Mimi naandika tu. Mkuu akanishika mkono wenye kalamu.

"Binti, huyu hadanganyi," akaniambia taratibu. "Ila huzuni haijui hesabu. Usiandike mzoga kwa kuambiwa. Tafuta ngozi, na kwenye ngozi tafuta chapa."

Chapa, kwa ninyi mliozaliwa wakati wa hereni za kielektroniki za sikioni mwa ng'ombe, ni alama ya moto. Chuma kinawekwa kwenye makaa mpaka kiwe chekundu, kisha kinagandamizwa pajani mwa ng'ombe: herufi za wilaya, namba ya kijiji, na alama ya mwenye mali. Moshi wake unakaa kwenye nywele, unalala nao. Nimepiga chapa ng'ombe wengi mpaka mume wangu akawa ananiambia nipite uani nioge kabla sijamsalimia. Hereni inakatika, inachomolewa, inauzwa. Chapa inabaki kwenye ngozi hata nyama ikishaliwa na fisi.

Nikaanza kwenye josho, yaani bwawa la dawa ambamo ng'ombe wanaogeshwa kuua kupe. Toka hapo nikapelekwa Maganzo kusimamia vibali vya kusafirisha mifugo, na huko nilikuta watu wanaotafuta almasi siku nzima kwenye mchanga halafu wakiipata wanakimbilia kununua ng'ombe. Baadaye nikahamishiwa upande wa Geita kukagua nyama. Wachimbaji wa dhahabu wanakula nyama, jamani! Kila alfajiri ng'ombe walikuwa wanaletwa kwa miguu toka Shinyanga, na nyuma yao wanakuja vijana waliochoka kuchunga, wanatafuta shimo la kuingia. Shimo la dhahabu kule linaitwa duara. Niliwaona wengi wakifika na fimbo za kuchungia mkononi, hawajui waziweke wapi.

Nilirudishwa Shinyanga miaka yangu ya mwisho, nikiwa nimeshakuwa Mama Rashidi kwa kila mtu, mzee wa ofisi. Ndipo ukaja ule ukame, na ndipo nikafanya kazi ambayo vijana mnaniuliza kila mkiniona: kazi ya kifuta machozi. Nitaisimulia kwa habari ya mwanamke mmoja, Mama Limi, kwa sababu kwake kazi ile ilikuwa ni kubaki na mji wake, yaani nyumba na zizi, au kuondoka.

Kwanza muelewe jambo lenyewe. Kifuta machozi si fidia. Fidia ni haki yako, unadai. Kifuta machozi ni serikali kukupa pole kwa janga ambalo haikulileta. Mpango ulipofika kwenye halmashauri yetu ulikuja na masharti ambayo mwanzoni niliyaona mepesi. Mosi, ng'ombe aliyekufa athibitishwe kwa ngozi yenye chapa. Pili, siku ya uhakiki mwenye chapa aitwe jina mbele ya mkutano wa kijiji, aitike mwenyewe. Kama yuko mbali, mkewe apokee kwa niaba yake, mradi ijulikane kwamba mume yu hai. Kama amekufa, ni mirathi: ukoo unakaa kikao, unateua msimamizi, na msimamizi ndiye anayepokea.

Sharti hilo la pili ndilo lililomkaa Mama Limi kooni. Mumewe, Masanja, alikuwa amekwenda kwenye maduara ya upande wa Geita miaka mingi nyuma. Mwanzoni alikuwa anapiga simu. Kisha kukatokea duara kuporomoka, na watu waliotoka wakahesabiwa, Masanja hakuwemo. Waliofukuliwa wakatambuliwa, hakuwemo pia. Simu yake ikazimika. Mama Limi alikuwa amezaa mabinti watupu, na shemeji yake, Shija, mdogo wake Masanja, alikuwa ameshasema wazi kwamba kaka yake akitangazwa marehemu, zizi, shamba na chochote kitakacholipwa vitarudi kwa ukoo. Yaani kwake. Mama Limi angerudi kwao na vyungu vyake.

Nilipomwuliza habari za mumewe alijibu neno moja.

"Yupo."

Hakusema ninaamini yupo, wala Mungu akipenda yupo. Alisema yupo, kama vile amekwenda kunyoa.

Sasa niwaeleze kijiji chenyewe kilivyokuwa. Nimefanya kazi hii tangu nina kiuno chembamba, nimeona mizoga ya kila aina, lakini sijawahi kuona kijiji kilichonyamaza namna ile. Lambo lao, bwawa la kunyweshea mifugo, lilikuwa limekauka polepole, na ng'ombe waliokuwa wanafuata maji katikati walinasa kwenye tope. Tope likawakaukia miguuni. Nilifika saa sita mchana, nikawakuta wamesimama. Wamekufa wakiwa wamesimama, ngozi imeshikana na mbavu, nyuso zote zimeelekea katikati palipokuwa na maji. Upepo ukipita kati yao unatoa mluzi mwembamba. Nilipiga hatua kadhaa kwenda kutafuta chapa, nikaona aibu, kana kwamba nimeingia msibani bila hodi. Nikasimama kwanza, nikasema innalillahi, ndipo nikaendelea.

Na kulikuwa na lingine. Kila jioni, jua likianza kulegea, saa ambayo ng'ombe hurudi, watu wa kijiji kile waliokuwa njiani walikuwa wanasogea pembeni. Hakuna aliyewaambia. Mama mwenye ndoo anasimama kwenye majani makavu, anasubiri kidogo, kisha anarudi njiani na kuendelea. Nilimwona mwalimu wa shule akifanya hivyo na baiskeli yake. Nikamwuliza anampisha nani. Aliniangalia kama nimemtukana, akapanda baiskeli akaenda zake. Siku ya tatu na mimi nikajikuta nimesimama pembeni ya njia, mkoba kifuani, nasubiri kundi lipite.

Kwa Mama Limi nilihakiki ngozi za ng'ombe waliofia nyumbani. Alimjua kila mmoja kwa jina na kwa tabia. Huyu alikuwa mlafi, huyu alikuwa anampiga teke kila anayemkamua isipokuwa Limi. Nikaandika, nikaondoka, nikaona pale nimemaliza.

Niliporudi safari ya pili nikakuta ngozi nyingine langoni. Zilikuwa zimekunjwa vizuri, zimekaushwa kwa vigingi jinsi inavyotakiwa, zimepangwa moja juu ya nyingine nje ya lango la zizi. Nikazikunjua. Chapa ya Masanja. Nikamtazama Mama Limi, maana vijana, kazi hii ina wajanja, na wa kwanza unayemshuku ni anayefaidika.

Akasema si za ng'ombe wake wa nyumbani, na nikaona ni kweli: rangi hizo sikuwa nimeziona, na chapa ilikuwa imepanuka kama inavyopanuka ng'ombe akipigwa chapa angali ndama kisha akakua. Alikuwa amezikuta alipotoka kisimani mchana. Hakumwona mtu. Jirani hawakumwona mtu. Mbwa, ambao kwa njaa ile walikuwa wanabwekea hata kivuli cha kunguru, hawakubweka. Alikuwa anazungumza kwa utulivu, lakini mikono yake ilikuwa inapapasa ile ngozi ya juu, inaipapasa tu, kama mtu anayemlaza mtoto.

Hapo lazima niwaeleze desturi ambayo mpango wetu haukuijua. Msukuma mwenye mifugo haweki ng'ombe wake wote kwenye zizi moja. Anawagawa kwa rafiki, kwa mkwe, kwenye vijiji vya mbali, ili ugonjwa au ukame ukipiga huku, kule wabaki. Anayewatunza anakunywa maziwa na anatumia samadi. Ng'ombe na ndama wake wanabaki mali ya mwenye chapa. Akifa mmoja, mtunzaji anachukua ngozi, anaipeleka kwa mwenyewe. Anakaribishwa, anapewa maji, anaeleza ng'ombe alivyokufa, na mwenyewe akisharidhika wanaachana kwa amani. Hilo nililijua. Kwa hiyo nikamaliza haraka kichwani mwangu: hizi zimeletwa na mtunzaji wa Masanja. Nikakasirika kwa niaba ya Mama Limi. Mtunzaji gani huyu asiye na adabu, anakuja mpaka langoni, anaacha ngozi kama takataka, haingii, hasemi neno!

Nilikuwa bado nasema hivyo Shija alipofika. Shija hakuwa mtu mbaya, niseme ukweli. Naye ng'ombe wake walikuwa wamekwisha, na macho yake yalikuwa mekundu kwa vumbi na kukosa usingizi. Alikuja akijiandaa kugombana, nilimwona tangu mbali anavyotembea. Akaziona zile ngozi. Akauliza zimeletwa na nani na alisema nini. Mama Limi akamjibu kwamba aliyezileta hakuingia wala hakusema. Shija akarudi nyuma hatua moja, halafu nyingine. Nikamwambia njoo ushike hapa, unisaidie kukunjua.

"Mayu, mimi siwezi kuzishika hizo," akasema. Mayu ni mama kwa Kisukuma. Akageuka akaondoka bila kuaga, na ugomvi aliokuja nao akaondoka nao.

Nikamwuliza Mama Limi shemeji yake ana nini. Akaniambia ana njaa. Nilijua ananificha kitu, na wapo watu ambao wakikuficha kitu huwezi kuwakasirikia.

Sikuweza kuandika ngozi zile bila kauli ya mtunzaji, na Mama Limi hakujua mumewe aliwagawa kwa nani, hivyo ilibidi nimtafute. Niliuliza minadani, nikauliza kwa wale wa vibali niliofanya nao kazi zamani, nikaambiwa yupo mzee mmoja, Lushinge, anayetunza ng'ombe wenye chapa ile upande wa Geita, jirani na machimbo yaliyoachwa. Nikapanda basi, nikamalizia kwa bodaboda. Nikamkuta amekaa kwenye kigoda mbele ya zizi lililobakiwa na ndama wachache. Nikamsalimu shikamoo, akanipa kiti, nikampa pole. Kisha nikamwambia, kwa heshima lakini kwa ukali wangu, kwamba alichofanya hakikuwa kizuri. Kwa nini hakuingia ndani akaeleza ng'ombe walivyokufa?

"Nieleze nini tena, mayu?" akasema. "Maelezo ni ya mwenye ng'ombe. Mwenyewe aliwaona wakifa. Alikuwepo."

Nikamwomba anieleze tangu mwanzo.

Basi akanisimulia. Masanja alianza kuja nyasi zilipokwisha. Anakuja mchana, jua likiwa utosini, anatokea upande wa machimbo. Hakai. Anasimama kwenye lango la zizi, anahesabu ng'ombe kwa kunyoosha fimbo, midomo inacheza lakini haitoi sauti. Ng'ombe waliokuwa wanalia kwa kiu tangu asubuhi wanakaa kimya wote, wanamgeukia. Siku moja Mzee Lushinge alimpelekea maji kwenye kopo. Masanja hakulipokea. Akasema wape ndama. Siku ng'ombe mkubwa wa mwisho alipoanguka alikuwa amesimama hapo hapo, akamwambia mzee azipeleke ngozi nyumbani kwa mkewe. Akaondoka alikotoka, na mzee hajamwona tena. Kwa desturi yao, ngozi inayoachwa langoni kimya ina maana moja tu: mwenye ng'ombe ameshaambiwa, hakuna la kuongeza. Ndiyo maana Mzee Lushinge aliziweka akaondoka. Hakujua kuna anayesema Masanja amekufa. Nilipomwambia, akaniuliza kama bodaboda wangu ananisubiri.

Nikamwomba anioneshe njia aliyokuwa anaipita Masanja. Akaninyooshea kidole, hakusimama.

Nilikwenda. Ukiniuliza kwa nini, ni kwa sababu kazi ilinifundisha kutoandika kwa kuambiwa. Kijana wa bodaboda aligoma kunifikisha, akazima pikipiki mbali, nikatembea mwenyewe. Kulikuwa na vilima vya kifusi na midomo ya maduara iliyofunikwa magogo yaliyooza. Hakukuwa na mtu, mti wala ndege. Joto lilikuwa la kuchemsha ubongo, lakini nilipofika karibu na duara la mwisho ikanipiga hewa baridi miguuni, inatoka kwenye nyufa za magogo, na ndani ya ile baridi kulikuwa na harufu ya samadi mbichi na maziwa. Harufu ya zizi asubuhi, watu wakikamua. Hapakuwa na ng'ombe hata mmoja. Nikasoma Ayatul Kursi, nikarudi kinyumenyume mpaka nilipoiona pikipiki.

Nilimweleza Mama Limi yote. Nilitegemea atashangaa, atalia. Hakushangaa. Alikuwa amejua tangu alipoziona ngozi zimekaa pale kimya, na Shija alijua vilevile. Ni mimi mtu wa mjini niliyekuwa natukana watu kwa kukosa adabu. Aliniuliza jambo moja tu, kama Mzee Lushinge alisema mumewe amekonda. Nikamwambia sikuuliza. Akatikisa kichwa, na nikaona amesikitika kweli, na mpaka leo najilaumu kwamba swali hilo halikunijia.

Ofisini nikampelekea taarifa mkuu wangu wa wakati ule. Alikuwa kijana kuliko mwanangu Rashidi, msomi, mwenye adabu, ananiita Bi Zuhura. Akasoma, akasoma tena, akavua miwani.

"Bi Zuhura, mimi siwezi kulipa kivuli," akasema. "Aitike mwenyewe, au mke alete uthibitisho wa uhai, au wafungue mirathi."

Nikamwambia Mzee Lushinge amemwona. Akaniuliza kama mzee atakuja kusema hivyo mbele ya mkutano. Nikakiri kwamba nilishampigia na alikuwa amekataa katakata kutoka nyumbani kwake. Kijana wa watu hakuwa na kosa. Sharti lilikuwa sharti. Nilitoka pale nikijua kwamba siku ya uhakiki jina litaitwa, litanyamaziwa, na Shija atasimama na wazee wa ukoo. Mama Limi naye alijua. Aliniambia ameshaanza kufunga vyungu, akacheka kidogo, kicheko cha kunifariji mimi.

Mkutano ulifanyika kwenye uwanja wa josho la zamani, saa sita, watu wamejibanza kwenye vivuli vyembamba vya kuta. Mezani alikaa Mtendaji wa Kata, mwenyekiti wa kijiji, na mimi kama afisa mhakiki. Mtendaji anaita jina, mtu anaitika "Nipo," anasogea, anaweka dole gumba. Kama hakuna anayeitika, jina linaitwa mara ya pili na ya tatu, kisha anaulizwa mwenye pingamizi. Kazi ya kuchosha, watu wanapiga miayo. Mama Limi alikuwa amekaa chini mbele kabisa, miguu ameinyoosha, kitenge kimefungwa vizuri. Shija alikuwa amesimama nyuma yake na wazee wawili.

Jina la Masanja likaitwa. Kimya. Watu wakaacha kupiga miayo.

Likaitwa mara ya pili. Shija akakohoa, akavua kofia, akapiga hatua mbele. Nilimwona Mama Limi amefumba macho.

Likaitwa mara ya tatu.

"Nipo."

Ilikuwa sauti ya mwanamume, haikuwa kubwa, imekauka kidogo kama ya mtu aliyetoka kwenye vumbi. Ilitokea nyuma ya watu wote, upande wa mfereji ambao ng'ombe walikuwa wanaingilia joshoni. Mkutano mzima uligeuka. Mimi niligeuka. Mtendaji alisimama mpaka kiti kikaanguka. Kulikuwa na ukuta wa josho, jua, na vumbi lililokuwa linashuka taratibu, kama linavyoshuka kundi likishapita.

Niliporudisha macho nikamwona Mama Limi. Hakuwa amegeuka. Alikuwa bado ametazama meza, macho sasa yamefunguka, machozi yanashuka na hayafuti.

"Andika," akaniambia. "Amesema yupo."

Mtendaji alituma mgambo wakazunguka josho lote. Hawakukuta mtu. Mtendaji akainua kiti chake, akafanya kama kanuni inavyosema: akauliza nani ana pingamizi. Wote wakamtazama Shija. Shija alikuwa ameshikilia kofia kifuani kwa mikono miwili.

"Sina," akasema. "Sauti ya kaka yangu naijua." Kisha akakaa chini vumbini, mwanaume mzima, akalia kwa sauti.

Nikaandika: ameitika. Mama Limi akaweka dole gumba kwa niaba ya mumewe, Mtendaji akatia saini, mwenyekiti akatia saini. Mkuu wangu kijana alipokuja kijijini kuuliza kama mwenye chapa aliitika mbele ya mkutano, nilimwambia ndiyo, na mkutano wote ukasema ndiyo. Mama Limi akalipwa, na akanunua mitamba, majike machanga ambayo hayajazaa. Mji haukutoka mikononi mwake. Shija ndiye aliyejenga upya uzio wa zizi, hakuombwa.

Nilistaafu muda mfupi baadaye. Waliniaga kwa blanketi na saa ya ukutani, na hotuba ndefu ya mkuu wa idara. Sasa nakaa Nyasubi, nauza dawa za mifugo kwenye kibanda kidogo, na vijana mnaoanza kazi mnakuja kununua sindano halafu mnaniuliza. Wengine mnasema Masanja alikuwa hai, alikuwa anajificha kwa aibu ya kurudi mikono mitupu. Huenda. Wengine mnasema kuna mtu alimwonea huruma yule mama, akajificha nyuma ya josho. Huenda pia, ingawa sauti ya kuazima haimlizi ndugu wa damu. Mimi nawaambia kazi yetu ilikuwa kuthibitisha kilichokufa, na tuliiweza. Kuthibitisha kilicho hai hakuna aliyetufundisha chuoni. Nikifikiri sana juu ya hilo najikuta nimesimama uani bila kujua nilitoka kufanya nini.

Mwaka uliopita Mama Limi alikuja mjini kununua dawa ya kupe. Amezeeka, ana wajukuu, zizi limejaa. Nikamkalisha nyuma ya kibanda, nikampa chai ya maziwa na chapati, tukaongea mambo ya kawaida, bei ya dawa, magoti yetu. Hapo nikaona nisipomwuliza siku hiyo nitakufa sijamwuliza. Nikamwambia siku ile tuligeuka wote, mpaka wazee wasioweza kugeuza shingo waligeuka. Wewe mke wake, uliyemngoja miaka yote ile, kwa nini hukugeuka?

Akaweka kikombe chini, akakifunika kwa kiganja nzi wasiingie.

"Ningegeuka, Mama Rashidi," akasema, "ningeona hayupo."